Mputa Anakifuata Chambo Halafu Anageuka: Kutafuta Kasoro Kwenye Maji Maangavu ya Bujagali

Asubuhi moja ya Januari tulikuwa wawili kwenye mtumbwi, juu ya mahali palipokuwa na maporomoko ya Bujagali, kwenye Mto Nile, kabla bwawa halijayafunika. Maji yalikuwa yametulia, maangavu kiasi cha kuona mgongo wa jiwe lililolala chini. Mwenzangu alikuwa ametupa chambo mara arobaini hivi bila kuguswa. "Leo hapa hakuna samaki, kaka," akaniambia. Nikamwomba akivute chambo chake polepole kandokando ya mtumbwi, karibu kabisa, tukitazame. Kilikuwa kinakuja kimelalia ubavu wa kushoto, kama samaki aliyekwisha kufa anayesukumwa na mkondo. Tulikirekebisha kwa koleo, kazi ya dakika tatu. Kabla ya saa mbili alikuwa ametoa mputa wawili mahali palepale.

Mimi ni mkazi wa Walukuba, hapa Jinja. Mputa, ambaye wenzetu wa Tanzania humwita sangara, nimemwona tangu utotoni akishushwa Masese kutoka kwenye nyavu na mishipi mirefu ya ndoana nyingi. Kuvua kwa fimbo na chambo bandia nilijifunza baadaye, na tangu hapo watu huniletea malalamiko yaleyale: chambo hakizami, samaki anafuata halafu anageuka, ameuma akaachia. Karibu kila mara tatizo liko kwenye ncha ya uzi, wala si kwa samaki. Na maji yakiwa maangavu, tatizo hilo unaweza kuliona kwa macho yako mwenyewe. Kwa hiyo tazama kwanza, kisha rekebisha kitu kimoja tu, kisha tazama tena. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Chambo ninachokizungumzia ni kile kinachoelea kikiachwa na kuzama kinapovutwa, kwa sababu kina ulimi mdogo wa plastiki au chuma chini ya pua. Ulimi mfupi uliosimama karibu wima hukishusha nusu mita mpaka mita moja na nusu hivi. Ulimi mrefu uliolala sambamba na mwili hukipeleka chini zaidi, na huo si wa makala hii. Wengi huku huviita vyote "rapala", hata vikiwa vya kiwanda kingine. Jina hilo ni la Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, ambaye mwaka 1936 alichonga chambo kwa koki na kukivika karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti. Alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa huwaacha samaki wadogo wazima na kumfuata yule mmoja anayeyumba, aliyejeruhiwa. Thamani yote ya chambo hiki iko kwenye kuyumba huko. Kikipoteza mwendo wake, rangi nzuri haitakusaidia.

Chambo kinakwenda upande au kinajipindua

Hili ndilo tatizo la kwanza kuangalia, na ningependa kila mvuvi aliangalie kila asubuhi kabla ya kutupa hata mara moja. Acha uzi wa kama mita moja na nusu kutoka ncha ya fimbo, weka chambo majini kando ya mtumbwi, ukivute kwa mstari ulionyooka. Kinatakiwa kutikisika kulia na kushoto kwa usawa huku kikifuata ncha ya fimbo. Kikifanya hivyo, ongeza kasi. Viko vyambo ambavyo ni sawa kabisa kwa mwendo wa polepole, lakini ukivuta haraka vinalala ubavu na kuruka juu ya maji.

Kikija kwako kikawa kinakimbilia mkono wako wa kulia, shida mara nyingi ni kitanzi cha puani, kile unachofungia uzi. Shika chambo, pua ikikuelekea. Chukua koleo la ncha nyembamba, bana kitanzi, kisukume kuelekea kushoto kwako. Kikikimbilia kushoto, sukuma kulia. Yaani kitanzi unakipeleka upande ule unaotaka chambo kiende. Sukuma kidogo sana, unene wa unywele mmoja au wawili. Mkononi hutaona tofauti yoyote, lakini majini utaiona papo hapo. Rudisha majini, vuta, tazama. Ukiwa umezidisha, rudisha nusu ya ulichosukuma.

Usikizungushe kitanzi kana kwamba unakaza skrubu. Kinalegea, na kwenye chambo cha mbao ya balsa maji hupata njia ya kuingia; mbao inavimba, rangi inabanduka, na mwendo wake haurudi tena. Nilipoteza chambo kimoja kizuri kwa njia hiyo, nikifanya kazi kwa haraka gizani. Nilisikia mlio mdogo wa mbao ikipasuka chini ya koleo. Tangu siku ile naifanya kazi hii mchana, au kwa tochi ya kichwani.

Kitanzi kikiwa sawa na bado chambo kinapotoka, tazama fundo. Fundo lililokazwa moja kwa moja kwenye kitanzi huteleza pembeni na kukivuta chambo upande mmoja; tumia fundo lenye kishwara kilicho huru, au klipu ndogo. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa ulimi. Chini ya maji ya Bujagali kuna mawe ya maporomoko ya zamani, na ulimi uliomeguka kona moja haurekebishiki kwa kukunja kitanzi. Mwisho angalia ndoana: moja ikiwa imepinda, au umebadilisha ya nyuma kwa nzito zaidi, mizani ya chambo imekwisha kuharibika.

Hakizami, au kinakwaruza chini

Malalamiko haya mawili yana chanzo kimoja, nayo ni unene wa uzi na mahali ilipo ncha ya fimbo. Uzi mnene husukumana na maji na kukizuia chambo kushuka. Uzi wa kusuka wa kilo 25 ni mwembamba sana ukilinganisha na nailoni ya nguvu hiyohiyo, kwa hiyo chambo kilekile kitashuka zaidi ukibadilisha nailoni kwa uzi wa kusuka. Ncha ya fimbo ikiwa juu, chambo kinapanda. Ukiiinamisha mpaka iguse maji, kinashuka.

Watu husahau kwamba chambo hakifiki kina chake pale pale kilipoanguka. Kinahitaji kuvutwa mita kadhaa ndipo kishuke, na kinapokaribia mtumbwi kinapanda tena. Kwa hiyo usilitupie moja kwa moja jiwe unalodhani lina samaki. Tupa mbele zaidi, ng'ambo ya jiwe, ili kinapopita pembeni yake kiwe kimekwisha kufika kina chake. Nimeona watu wakitupa vizuri kabisa, chambo kikaanguka kando ya jiwe, halafu kikapita juu ya kichwa cha samaki kikiwa bado karibu na uso wa maji.

Kikigonga jiwe, usivute kwa nguvu. Acha kabisa kuvuta. Kinachogonga kwanza ni ulimi, ndoana ziko nyuma yake. Ukikipa sekunde mbili kitaelea na kujinasua chenyewe. Tena hapo ndipo uwe macho, kwa sababu mputa aliyelala nyuma ya jiwe mara nyingi huuma wakati huohuo, chambo kinapoachia jiwe na kuanza kupanda.

Anakifuata mpaka karibu na mtumbwi, halafu anageuka

Hili ndilo linaloumiza zaidi, na ndilo la maji maangavu hasa. Kwenye maji ya tope samaki hana muda wa kuchunguza. Hapa anao. Vaa miwani ya jua ile inayoondoa mng'ao wa maji, usimame, utazame nyuma ya chambo na si chambo chenyewe. Kwanza utaona kivuli tu. Kisha, mwanga ukiwa mdogo, utaona jicho: jicho la mputa hurudisha mwanga kama la paka, rangi ya dhahabu. Anakuja nyuma ya chambo umbali wa mkono mmoja, kwa kasi ileile, bila haraka. Mita tatu kutoka mtumbwini anainama upande na kupotea.

Sababu ya kwanza ninayoishuku ni vyuma. Wengi hufunga kizungushio kikubwa na klipu ya shaba mbele ya chambo, vile vilivyotengenezwa kwa uvuvi wa bahari. Jua likivipiga vinamulika kila chambo kinapotikisika, na uzito wake unainamisha pua na kuua mwendo. Ondoa kizungushio. Chambo kilichorekebishwa vizuri hakizunguki, kwa hiyo kizungushio hakihitajiki.

Sababu ya pili ni lida, kile kipande cha uzi kati ya uzi wa kusuka na chambo. Uzi wa kusuka unaonekana wazi majini. Kama lida yako ni ya nusu mita, samaki anauona uzi mzima pamoja na chambo. Mimi naweka mita mbili. Nyuzi za floroakaboni zinafaa kwa kazi hii, kwani zinapindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha maji kuliko nailoni ya kawaida, ndiyo maana hazionekani upesi.

Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuvuta kwa kasi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Samaki mdogo anayefukuzwa haogelei hivyo. Zungusha rili, lile gurudumu la kukunjia uzi, mara nne au tano, simama, acha chambo kianze kupanda, zungusha tena. Ukiwa umemwona anafuata, usipunguze kasi kwa woga. Fanya kinyume: zungusha rili ghafla mara mbili, kama chambo kinachokimbia, kisha simama kabisa. Akiwa wa kuuma, atauma hapo.

Maelekezo mengi ya vyambo hivi yaliandikwa kwa ajili ya bass wa Marekani, samaki ambaye jirani zetu wa Kenya wanaye Naivasha. Kule Marekani mabwawa ya milimani yanapoa sana wakati wa baridi, na mvuvi anaambiwa avute polepole kwa kuwa samaki amezubaa. Maelekezo hayo ni ya kweli huko kwao. Hapa Jinja tuko karibu kabisa na ikweta, maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima, na kungoja msimu hakuna maana. Kinachobadilika kwetu ni mwanga na mkondo. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, samaki huyohuyo aliyekuwa akigeuka saa sita mchana anauma bila kuchunguza. Ukitaka kuvua mchana wa jua kali, tafuta kivuli cha ukingo mrefu au ngoja upepo ukoroge uso wa maji.

Rangi naitaja mwisho kwa makusudi. Jua likiwa juu, tumia fedha iliyofifia au rangi ya nkejje, wale samaki wadogo anaowala mputa, yaani kahawia yenye kijani. Giza likiingia, tumia cheusi, kwa sababu samaki anakitazama kutoka chini na anaona umbo tu mbele ya anga. Zaidi ya hapo sioni tofauti inayostahili pesa.

Ameuma, ameruka, ameachia

Chukua ndoana na uiweke ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba, uiburute taratibu bila kukandamiza. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza na kuacha mstari mweupe, ni butu, na huna haja ya kutafuta sababu nyingine. Kinywa cha mputa ni kigumu kwa ndani, mfupa mtupu sehemu nyingi, na ndoana butu inakaa juu ya mfupa huo mpaka anapofungua mdomo na kutikisa kichwa hewani. Noa kwa tupa ndogo baada ya kila mgongano na jiwe.

Ndoana zinazokuja na chambo kidogo mara nyingi ni laini mno kwa mputa wa kilo kumi na kuendelea. Zinanyooka. Kubadilisha kwa zenye nguvu ni sawa, ila ndoana nzito huweza kukizamisha chambo kilichoundwa kuelea. Jaribu kwanza nyumbani kwenye beseni: kikiwa na ndoana mpya na pete zake, bado kinaelea? Kisha rudia ule mvuto wa kando ya mtumbwi.

Anapouma, usiruke nyuma na fimbo. Uzi wa kusuka haunyumbuki, na mshtuko huo wote unaishia mdomoni mwake. Endelea kuzungusha mpaka usikie uzito, ndipo uinue fimbo kwa uimara. Breki ya rili iwe kama theluthi moja ya nguvu ya uzi, ipime kwa mizani ya kuning'iniza ya sokoni, maana mkono hudanganya. Anapopanda kuruka utaona uzi ukiinuka majini. Inamisha fimbo, ila usiache uzi ulegee.

Uzi umekatika

Tazama ncha iliyobaki mkononi. Ikiwa imechakaa na kuwa na nywelenywele kwa urefu wa sentimita kadhaa, ni mdomo wa samaki: mputa hana meno ya kukata, ila ana vijino vingi vidogo kama msasa, na kifuniko cha shavu lake kina miiba na kingo kali. Dawa yake ni lida nene zaidi, ya milimita 0.7 au 0.8, na kuipapasa kwa vidole baada ya kila samaki. Ikiwa imekatika wima na safi juu zaidi, kwenye uzi wa kusuka, ni jiwe. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limefunguka. Loweka fundo kwa mate kabla ya kulikaza.

Waya wa chuma hauhitajiki hapa. Unahitajika chini ya maporomoko ya Murchison, na Ziwa Albert, kwa sababu huko yupo tigafishi, yule wa mistari mwenye meno kama misumari, ambaye hakuweza kupanda maporomoko yale. Hata mputa hakuyapanda mwenyewe. Kule chini ni kwao tangu zamani. Huku juu aliletwa na watu miaka ya 1950. Kwa hiyo ushauri wa Murchison usiubebe wote kuja nao Jinja. Waya kwenye maji maangavu unamfukuza samaki bure.

Siku nzima hakuna hata mguso

Chambo ukishakikagua na kuridhika, ndipo ulaumu mahali. Kosa ninaloliona sana ni kutupa ndani kabisa ya mianya ya mafunjo, kwa kuwa panaonekana pana samaki wengi wadogo. Ni kweli wapo, na wapo kwa sababu mputa hayupo. Maji yaliyotuama kati ya mafunjo yana oksijeni kidogo. Nkejje wengi huivumilia hali hiyo, mputa haivumilii. Yeye hukaa nje, kwenye ukingo, akingoja anayetoka. Geuza mtumbwi uvue sambamba na ukingo, mita mbili au tatu nje ya mafunjo, badala ya kuelekeza pua kwenye mafunjo na kutupa ndani.

Tafuta maji yanayotembea. Bwawa hili limebanwa kati ya mitambo ya Nalubaale na Kiira kwa juu na ya Bujagali kwa chini, iliyoanza kuzalisha umeme 2012, na maji yanayoachiwa hufuata mahitaji ya umeme. Mkondo unaweza kubadilika katika saa moja. Jiwe lililokuwa na samaki alfajiri linaweza kubaki kwenye maji yaliyosimama saa tatu baadaye. Tazama povu na majani yanayoelea: yakisimama, hama. Na vaa jaketi la kuokolea hata kama unaogelea vizuri, usisogelee kuta za mabwawa. Mkondo ukiongezeka ghafla, kasia halitoshi.

Magugu maji yakiwa yameshuka mengi, kila mvuto utaleta jani kwenye ulimi na chambo kitakufa. Aprili 2020 kisiwa kizima cha mimea kilielea mpaka kwenye mitambo hapo Nalubaale, umeme ukakatika nchi nzima. Siku za namna hiyo nenda upande ambao upepo unatokea. Magugu yatakuwa yamesukumwa ng'ambo.

Umempata, lakini anakufia mkononi

Mputa aliye chini ya sentimita 50, yaani inchi 20, sheria inataka arudi majini, na akirudi amekufa hujayarudishia maji kitu. Hamu yake ya oksijeni ndiyo inayomwua. Amepigana dakika nyingi, kisha anakaa hewani akipigwa picha. Binya vizuizi vya ndoana kwa koleo mapema ili zichomoke upesi, loanisha mikono, mfungue akiwa ndani ya maji kama inawezekana. Kisha mshike mkiani kwa mkono mmoja, mwingine chini ya tumbo, kichwa kielekee mkondo, na umngoje. Mwanzoni mashavu yatafunguka kwa shida. Baadaye yanapata mdundo wake, mkia unakaza ndani ya kiganja chako, na anajiondoa mwenyewe.